Ukuta wa Thiaroye Waanza Kuzunguka

Benchi la Mama Daba lipo Thiaroye, pale njia ya mchanga inapoingia kwenye lami, ubavuni mwa kibanda cha kuziba pancha. Lina miguu mitatu ya mbao. Wa nne ni rimu ya lori, hivyo anayekaa upande huo huwapita wenzake kwa inchi mbili na huanza kuongea kama mbunge. Kila siku baada ya sala ya alasiri utawakuta walewale. Yupo Redio, fundi cherehani, ambaye habari humfikia kabla hazijatokea. Yupo Daktari, aliyewahi kulinda geti la zahanati kwa miaka miwili, na tangu hapo hakuna ugonjwa asioujua. Yupo mzee Birane, wanayemwita Koplo kwa ajili ya koti la kijeshi asilolivua hata jua likiwaka vipi, ingawa jeshini hajawahi kukanyaga. Na yupo Mama Daba mwenyewe, nyuma ya birika lake la kahawa ya Touba, ile yenye viungo vinavyopanda puani na kumfanya mtu aseme mambo aliyopanga kuyanyamazia. Alhamisi hiyo wa mwisho kufika alikuwa Ndiaga Sarr, na alifika amevaa kofia ya sufu.

Joto lilikuwa la kukaanga mayai. Ndiaga alijua kofia ile itamletea maneno. Asubuhi alisimama nayo mbele ya kioo, akaivua, akaivaa, akaivua tena, akaona afadhali maneno ya kofia kuliko maneno ya kilichokuwa chini yake. Akasalimia, akaketi upande wa rimu, benchi likalia. Kilo mia moja na kumi na nane si mchezo. Kwa miaka kumi na minne uzito huo ulikuwa fahari ya mtaa mzima: Ndiaga alikuwa mpiga mieleka, jina lake la uwanjani Ukuta wa Thiaroye, na kocha wake alikuwa huyohuyo Koplo. Sasa ni miaka miwili tangu aache. Alikuwa mlinzi wa Nyumba ya Vijana, kule nyuma ya soko.

— Ukuta, akaanza Redio. Unaumwa?

— Mzima kabisa.

— Basi theluji inaanguka kwako peke yako?

— Nimependa tu kuvaa kofia. Kuna sheria?

— Sheria hakuna, ila jasho linakuchuruzika mpaka kwenye kikombe cha Daktari.

Daktari akavuta kikombe chake upande, akamtazama Ndiaga kwa jicho moja, kama anavyowatazama watu wote kabla ya kuwapa ugonjwa.

— Hiyo ni damu nzito, akasema. Damu ikiwa nzito kichwa kinahisi baridi. Kule zahanati niliwaona wengi. Wanaanza na kofia, wanamaliza na blanketi.

— Hakuna damu nzito hapa, akasema Ndiaga. Mama Daba, kahawa.

Mama Daba akamimina kutoka juu, povu likasimama. Alikuwa amebana midomo kwa namna ya mtu anayezuia kupiga chafya, na Ndiaga alijua ile si chafya. Katika wote waliokuwepo pale, yeye peke yake alijua. Alijua kwa miezi minne, na kwa miezi minne alikuwa amenyamaza, jambo ambalo kwa mwanamke anayeuza kahawa kijiweni ni sawa na kufunga saumu mwaka mzima.

Ndiaga alipoinama kupokea kikombe, Redio akainyakua kofia.

Hapo utosini, katikati kabisa ya nywele, palikuwa na uwazi wa mviringo, mkubwa kama kitako cha kikombe, unang'aa kama umepigwa polishi.

— La ilaha illa llah! akasema Redio. Mtu kapata dirisha!

— Rudisha kofia yangu, wewe.

— Ngoja kwanza. Daktari, njoo uone.

Daktari akasogea, akapaweka kidole, akanusa kidole.

— Si choa, akatangaza. Choa kina magamba. Hii ni kalsiamu. Kalsiamu ikizidi mwilini inatafuta pa kutokea, na kwa mtu mrefu inatokea juu.

— Kalsiamu gani! akasema Redio. Mimi nakwambia huyu ana mke wa pili huko Mbour. Mke mwenye wivu. Kila akitaka kuondoka anashikwa nywele palepale, mahali pamoja. Miezi minne sasa hatumwoni saa za jioni. Mimi nilihesabu.

— Kama angekuwa anavutwa nywele zingeng'oka ovyo. Hii imekwenda duara. Hii imepimwa.

— Basi anabeba kitu kichwani. Kitu kizito, cha mviringo, usiku na mchana.

— Kitu gani?

— Ningejua ningekuwa nimeshawaambia.

Fundi wa pancha akatoa kichwa kibandani akasema labda ni jini, kuna majini huwa wanakaa utosini na hupenda pawe pasafi. Daktari akasema hilo linawezekana ila jini huyo atakuwa na upungufu wa vitamini. Wakapandishana namna hiyo, mmoja akishuka mwingine anapanda, na Ndiaga akawaacha. Angalau walikuwa mbali na ukweli. Akaanza hata kuifurahia kahawa.

— Nyamazeni, akasema Koplo.

Alisimama, akalinyoosha koti lake, na Ndiaga akaona jambo lililomfanya asahau kikombe: mzee alikuwa na machozi, na alikuwa anatabasamu.

— Mimi najua, akasema Koplo. Mtoto huyu nimemlea mimi. Anafanya mazoezi. Ya siri, bila kuniambia, ili anishangaze. Anapigana vichwa na kondoo dume, kama tulivyofanya zamani. Na Mungu hafanyi kazi ya kubahatisha, kwa sababu leo asubuhi nimepigiwa simu.

— Simu ya nani? akauliza Redio, ambaye habari kutomfikia kulimuuma kimwili.

— Mwandaaji wa mapambano, kutoka mjini. Wanamtaka Ukuta. Pambano moja la mwisho, uwanja mkubwa, na yule kijana wa ng'ambo ya reli, wanayemwita Nyundo. Jumatatu anataka jibu. Nilikuwa nasubiri mwenyewe afike nimwambie.

Kijiwe kikalipuka. Redio alirukaruka na kofia ya sufu mkononi. Daktari akamkumbatia fundi wa pancha, ambaye mikono yake ilikuwa na grisi mpaka kwenye viwiko. Wakaanza kupanga: nani atakaa gari la mbele, nani atashona bukta, waimbaji gani waitwe. Kwa miaka miwili benchi lile halikuwa na pambano la kupanga.

Ndiaga alitazama mchanga kati ya miguu yake. Nyundo alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Yeye mwenyewe alikuwa na thelathini na saba na goti lililoongea kila akipanda ngazi. Lakini si goti. Angeweza kusema ni goti na wote wangemwelewa. Akamtazama Mama Daba, naye akawa anafuta kikombe ambacho kilikuwa kikavu tangu asubuhi.

— Waambie, mwanangu, akasema Mama Daba kwa upole. Kahawa inapoa.

— Atuambie nini? akauliza Koplo.

Ndiaga akakiweka kikombe chini.

— Nacheza breki.

— Breki ya nini? akasema fundi wa pancha. Ya mbele au ya nyuma?

— Breki dansi. Ile ya chini. Hapa utosini ni kwa kuzunguka kwa kichwa.

Redio alifungua mdomo, ukakaa wazi bila kutoa habari yoyote, na Mama Daba baadaye aliapa kwamba hajawahi kuona kitu kama kile tangu aanze biashara.

— Rudia, akasema Daktari. Polepole.

— Nageuka miguu juu. Kichwa chini. Nazunguka.

— Wewe?

— Mimi.

— Na kilo zako zote?

— Siwezi kuziacha nyumbani.

Hapo Mama Daba alishindwa. Alicheka mpaka akashika meza, akacheka hadi kilemba kikalegea, akawa anasema maneno katikati ya kicheko: binti yangu, Maty, ndiye anamfundisha, miezi minne, wallahi nilitaka kupasuka. Maty alikuwa na miaka ishirini na miwili na alifundisha watoto kucheza pale Nyumba ya Vijana kila jioni. Wote walimjua: kabinti kembamba, kakali, kenye sauti ya kondakta.

— Sasa naelewa, akasema Daktari. Hii ni kazi ya damu. Amepigwa vichwa miaka kumi na minne, ubongo umegeuka juu chini. Akisimama kwa miguu anaona dunia imepinduka. Akisimama kwa kichwa anaona sawa. Anajitibu mwenyewe bila kujua.

— Si ubongo, akasema Redio, sauti yake ikiwa imerudi kwa nguvu. Kuna nchi huko mbali wanatafuta mtu mzito kuliko wote anayezunguka kwa kichwa. Wanataka kupata umeme. Mtu mwembamba hatoi umeme wa kutosha. Ukuta akizunguka vizuri atawasha mpaka Rufisque.

— Na kama amerogwa? akasema fundi wa pancha. Ng'ambo ya reli kule hawakosi watu. Wamemgeuza akawa pia ya kuchezea watoto, ili Nyundo wao asipate taabu.

— Hakuna aliyeniroga, akasema Ndiaga. Nilianguka.

Wakamsikiliza. Ndiaga hakuwa msemaji, na alipoongea aliongea akitazama mikono yake.

— Siku moja Maty aliniomba nimsaidie kutandika lile zulia la plastiki wanalochezea. Lilikuwa na maji. Nikateleza nikaenda chini, puu, mgongo mzima, miguu hewani. Ukumbi una watoto thelathini. Mnajua mimi nikianguka nasikia nini. Nilifumba macho nikawa nangoja.

— Ukingoja nini?

— Kuzomewa. Au ule ukimya. Wewe Koplo unaujua ule ukimya. Basi nikasikia makofi. Wale watoto walidhani ndivyo nilivyokusudia. Mmoja akasema, mjomba, rudia. Nikafungua macho. Nimelala pale, dari naiona, feni inazunguka, na watoto wanapiga makofi. Nikacheka. Sijui kwa nini. Nikacheka mpaka Maty akafikiri nimevunjika kitu.

Kila mtu pale alikumbuka pambano la mwisho la Ndiaga, lile la miaka miwili nyuma. Sekunde kumi na moja. Mpinzani alimshika paja, akamgeuza, mgongo ukagusa mchanga, basi. Kwenye mieleka yetu ndivyo ilivyo, ukigusa umekwisha, hata kama miaka kumi na minne hukugusa. Aliletwa nyumbani kwa njia za uani, kwenye siti ya nyuma, amefunikwa kanga ya dada yake. Mwezi mzima hakutoka.

— Kwa hiyo unaweka mgongo chini, akasema Koplo taratibu. Kwa hiari yako.

— Ndiyo, mzee.

— Miaka kumi na minne nimekufundisha neno moja. Lipi?

— Simama.

— Simama! Mvua, jua, mchanga machoni, simama! Na wewe leo unalala chini kama mkeka, unapigiwa makofi na watoto?

— Mzee, Jumamosi kuna mashindano. Saa kumi, uani pale Nyumba ya Vijana. Nimejiandikisha. Nilitaka kuwaomba nyote mje.

— Tuonyeshe! akasema Redio. Huwezi kusema jambo kama hili ukaliacha hivihivi. Fundi, leta boksi!

Fundi wa pancha akaleta boksi la friji, wakalitandaza mchangani. Ndiaga akavua viatu. Alijua halikuwa jambo la busara, boksi lilikuwa fupi na benchi lilikuwa karibu, lakini macho yote yale yalikuwa yamemwelekea, na miguu ilishaanza kuwasha. Akachuchumaa, akatupa mguu, akajiachia mgongoni, akakusanya magoti kifuani. Akaenda. Mzunguko mmoja mzima, mzuri, laini, kofia na kikombe na uso wa Redio vikapita mbele yake kama picha. Kwenye mzunguko wa pili kisigino kikaikuta rimu ya lori.

Benchi likaenda chini na Daktari juu yake. Daktari alikwenda na kikombe, kikombe kikaenda kwa fundi, fundi akarudi nyuma akakalia beseni la maji ya kupimia pancha. Redio alikuwa amelala mchangani bila kuangushwa na mtu, anapigapiga ardhi kwa kiganja, hawezi kupumua. Kondoo wa jirani akakimbia na kamba yake. Ndiaga mwenyewe alilala palepale mgongoni, mikono imetandazwa, akicheka kwa sauti iliyofika sokoni.

Koplo peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama kando, kikombe chake hajakigusa.

— Jumatatu nikipigiwa nimwambie nini mtu wa mjini? akauliza.

Ndiaga akaketi.

— Mwambie hapana, mzee. Nisamehe.

Koplo akainamisha kichwa mara moja, kama mtu aliyepokea maagizo, akakiweka kikombe mezani kwa Mama Daba, akaondoka amenyooka, kwa hatua zilezile za jeshi ambalo hakuwahi kulitumikia. Kicheko kikaisha chenyewe.

Ijumaa Koplo hakuja kijiweni. Redio alisema ana mafua. Daktari akakubali kwamba ni mafua, na kwa mara ya kwanza hakuongeza kitu.

Jumamosi saa kumi ua wa Nyumba ya Vijana ulikuwa umejaa mpaka juu ya ukuta. Habari ilikuwa imetembea, Redio alihakikisha. Walikuja wanaocheza na wasiocheza, wauza samaki na aproni zao, mashabiki wa mieleka ambao walikuja kuhakikisha kwa macho, na wengine waliokuja kwa nia safi kabisa ya kucheka. Zulia la plastiki lilitandikwa katikati. Maty alimfunga Ndiaga bendeji kwenye viganja, akimwelekeza kwa ukali uleule.

— Usianze na kichwa. Anza na miguu, halafu mgongo. Pumua. Mjomba, unapumua?

— Napumua.

— Unadanganya.

Mpinzani wake wa kwanza alikuwa kijana wa Rufisque, mwepesi, mwenye viungo kama vya panzi. Kijana akacheza kwanza. Alisimama kwa mkono mmoja, akabadilisha, akazungusha miguu kama panga la feni, akamaliza amelala ubavu huku ameegemeza shavu kiganjani, anampigia Ndiaga kope. Watu wakapiga kelele. Zamu ikawa yake.

Ndiaga aliingia kwenye zulia, akasimama.

Muziki ulikuwa unapiga. Aliusikia kwa mbali, kama uko nyumba ya tatu. Alichokisikia karibu ni minong'ono. Ukuta. Yule ni Ukuta. Yule aliyeangushwa sekunde kumi na moja. Akatazama chini, na lile zulia la bluu likawa mchanga, na magoti yakakakamaa. Mwili wake wote ulijua jambo moja tu kuhusu kusimama mbele ya watu wengi namna ile: usiende chini. Alimwona Daktari amejishika kichwa. Alimwona Mama Daba ameziba macho kwa sinia. Sekunde zikapita, nyingi. Mtu mmoja juu ya ukuta akaanza kucheka.

Ndipo sauti ikatoka nyuma kabisa ya umati, kavu, ya kukwaruza, sauti iliyomwamsha alfajiri kwa miaka kumi na minne.

— Ukuta! Shuka!

Ndiaga akageuka. Watu walikuwa wanasukumwa huku na huku na koti la kijeshi.

— Unangoja nini? Shuka chini! Mgongo! Weka mgongo chini, mwanangu, shuka!

Kitu kikafunguka magotini. Ndiaga aliinua mguu wake mkubwa, akaukanyaga chini, akainua wa pili, mikono ikapanuka kama mbawa, na wote waliomwona enzi zake wakaitambua: ni ile ngoma yake ya kuingilia uwanjani, ile ya kumtisha mpinzani kabla ya kushikana. Ua mzima ukaguna. Kijana wa Rufisque akarudi nyuma hatua mbili bila kupenda. Ndiaga akamsogelea, akazungusha mabega, akainama kama anayekwenda kumdaka paja. Badala ya kumdaka akajiachia. Kilo mia moja na kumi na nane zikashuka mgongoni, zulia likapiga kofi, magoti yakaingia kifuani, naye akazunguka. Moja. Mbili. Tatu! Nne! Walikuwa wanahesabu wote, wauza samaki kwa sauti zaidi. Kwenye ya tano akasukuma kwa mikono, makalio yakapanda, miguu ikapanda, na kwa kitambo kifupi sana Ukuta wa Thiaroye alisimama kwa utosi wake, wima, visigino mbinguni, akiwatazama majirani zake wote wakiwa wamening'inia kutoka ardhini kama nguo kwenye kamba. Aliwaona vizuri. Wote walikuwa wanacheka, na hapakuwa na hata mmoja aliyemcheka yeye.

Waamuzi wawili kati ya watatu walinyoosha mkono upande wake. Redio alizimia, au alijilaza, haikujulikana.

Raundi ya pili alipangwa na binti wa shule kutoka Yeumbeul, mwenye miaka kumi na sita, ambaye mfuko wake wa vitabu pengine ulikuwa mzito kuliko yeye. Binti akamruka. Si kwa mafumbo. Ndiaga alikuwa chini anazunguka na yule mtoto akaruka juu yake, akatua upande wa pili kwa kichwa, akazunguka mara kumi na mbili, akasimama, akafuta vumbi mabegani. Waamuzi wote watatu walimnyooshea binti mkono bila hata kutazamana. Ndiaga akapiga makofi kuliko mtu yeyote. Akambeba binti begani akamzungusha ua mzima, binti akipiga kelele kwamba anaogopa urefu.

Koplo alimngoja getini. Wakatazamana.

— Mguu wako wa kushoto unachelewa, akasema Koplo. Kabla hujaingia mgongoni. Unachelewa na unapoteza kasi.

— Maty naye anasema hivyo.

— Basi huyo Maty anajua kazi. Kesho alfajiri tutaurekebisha.

— Kesho Jumapili, mzee.

— Mguu haujui siku.

Sijui nani alianza. Mama Daba aligeuza sinia akalipiga kwa kijiko, mwanamke mmoja muuza samaki akageuza beseni, kisha yakawa mabeseni sita, kisha hayahesabiki. Wakamweka Ndiaga katikati, yule binti wa Yeumbeul bado begani na mkate mkononi, wakatoka naye kwa barabara kubwa, ileile wanayopita mabingwa, wanaimba jina lake la uwanjani, vumbi limepanda, madereva wanapiga honi. Fundi wa pancha alitembea mbele akipunga mpira wa ndani wa tairi kama bendera. Daktari aliwaeleza wapita njia kwamba wamemwona mgonjwa wa kwanza duniani aliyepona kalsiamu kwa kuzunguka. Ndiaga alitembea anacheka, kofia hana, dirisha lake la utosini linang'aa kwa jua, na mara mbili ilibidi asimame kwa sababu pumzi ilikuwa haitoshi kwa yote mawili.

Waliposimama benchini, Koplo akatoa simu, akaiweka sikioni, akasubiri mtu wa mjini apokee.

— Halo? Ndiyo, ni mimi. Jibu nakupa leo. Hapana. Nimesema hapana. Hajaumia. Hapana, si mambo ya malipo. Hana nafasi, bwana. Ana mazoezi.

Akakata. Kelele zikaanza upya, mabeseni yakapigwa mpaka mbwa wakajibu.

Katikati ya hayo akatokea mwanamume mmoja na begi la safari, shemeji wa Mama Daba, ndiyo kwanza anashuka kutoka Kaolack. Alisimama, akalitazama lile jitu lenye jasho, akamtazama binti aliyekalia bega lake, akatazama watu na mabeseni yao.

— Hongereni, akasema. Mmeshinda?

— Hapana, akasema Redio. Tumeshindwa.

— Mmeshindwa? Na nani?

— Na huyo hapo juu, anayekula mkate.

Binti akapunga mkono. Shemeji akaweka begi chini. Alikuwa mtu mpole, na ilionekana wazi kwamba anauliza kwa kutaka kujua tu.

— Sasa mnashangilia nini?

Redio akavuta pumzi ya kujibu, ikarudi ilikotoka. Akamtazama Daktari. Daktari akafikicha jicho, akamtazama fundi, fundi akamtazama Koplo, na Koplo akaanza kufunga vifungo vya koti vilivyokuwa vimefungwa tayari. Mabeseni yakanyamaza moja baada ya jingine. Shemeji akawa anangoja, uso wake umejaa nia njema.

Ndiaga alimshusha binti, akasogea kwenye benchi mpaka nafasi ikapatikana, akaipigapiga kwa kiganja.

— Kaa hapa, shemeji, akasema. Mama Daba, mpe kahawa, tena kikombe kikubwa. Hilo swali lako ni refu.